Unga wa Misindano Chini ya Hadubini: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Chavua, Kuanzia Koni Changa Hadi Mrija

Msimu ambao misindano inamwaga chavua, ukipita ndani ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, Tanzania, utaukuta unga wa njano kila mahali: kwenye boneti za magari, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye madimbwi ya barabarani ambako hujikusanya ukingoni kama unga wa dengu uliomwagika. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano huja darasani na jina lake tayari: mbegu za kiume.

Jina hilo si sahihi, na linaficha jambo zuri kuliko yote katika mada hii. Chembe moja ya chavua ya msindano ni mmea mzima wa kiume. Ni mdogo mno, kiasi kwamba inabidi upange kama kumi na tano mstari mmoja ili kufika milimita moja, lakini una ukuta wake, una akiba yake ya wanga, na umegawanyika kuwa seli nne zenye kazi tofauti. Mbegu ya kiume yenyewe haijazaliwa siku chavua inapopeperuka. Itazaliwa karibu mwaka mmoja baadaye, ndani ya koni jike, juu ya mti mwingine.

Karibu yote haya yanaonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule. Mwaka wa kwanza nilipofundisha mada hii nilikusanya unga uliokwisha kumwagika, nikauweka kwenye slaidi, nikawaambia wanafunzi wachore. Wakachora. Lakini kila kilichokuwa cha kujifunza kilikuwa kimeshatokea wiki kadhaa kabla, ndani ya koni ambazo sikuzichuma. Mwongozo huu unakuanzishia pale nilipochelewa.

Mti wa kuchagua

Natumia Pinus patula, msindano ulioenea zaidi katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Asili yake ni Meksiko. Utautambua kwa majani membamba marefu yanayoning'inia, mara nyingi matatu matatu katika kifungo kimoja. Msindano wowote mwingine unafaa. Usichukue mvinje wa ufukweni: kwa mbali unafanana na msindano, na vitunda vyake vinafanana na koni, lakini ni mmea wa maua kabisa na chavua yake ni ya aina nyingine.

Kila mti una koni za jinsia mbili. Koni jike ndizo zile ngumu za mbao ambazo watoto huzichezea. Koni dume watu wengi hawajawahi kuzitazama. Ni laini, zina urefu wa sentimita moja hadi mbili, zimejibana kwa makumi kuzunguka sehemu ya chini ya chipukizi jipya, na baada ya kumwaga chavua hukauka na kudondoka. Zitafute kwenye matawi ya chini. Koni jike hupenda kukaa matawi ya juu, na mpangilio huo hupunguza uwezekano wa mti kujichavusha wenyewe, maana unga hauanguki kwenda juu.

Sababu nyingine ya kuupenda msindano ni kromosomu zake. Seli za kawaida za mti zina 24, na chembe ya chavua ina 12. Ni chache, na ni kubwa kuliko za mimea mingi inayotumika shuleni. Mwanafunzi aliyehangaika na kitunguu bila kuona kitu hapa ataona.

Vifaa

Hadubini yenye lenzi za ×10 na ×40. Slaidi na vifuniko vya kioo. Kibano, wembe, na sindano mbili za kushonea zilizochomekwa kwenye vijiti. Taa ya spiriti. Karatasi ya kunyonya maji, hata ile ya chooni ikikunjwa mara tatu. Vichupa vidogo vyenye vizibo. Rangi ya kucha ya kuzibia kingo za slaidi.

Dawa ni hizi:

Ya kuhifadhia: sehemu tatu za ethanoli kwa sehemu moja ya asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji. Changanya siku ileile ya kutumia. Ethanoli ya asilimia 95 inatosha. Spiriti ya bluu ya kuchomea siipendi kwa kazi hii.

Ya kupaka rangi, yaani asetokamini: weka mililita 55 za maji kwenye chupa, ongeza mililita 45 za asidi ya asetiki, kisha gramu moja ya karmini. Chemsha kwa moto mdogo kama nusu saa, mahali penye hewa, faneli ikiwa imekaa mdomoni mwa chupa ili mvuke urudi. Ikipoa, chuja. Vaa glovu na miwani, maana asidi hii ikiwa kali inachoma ngozi, na mvuke wake unachoma macho. Usijaribu siki ya dukani badala yake. Ni dhaifu mno.

Ya kuoteshea chavua: gramu 10 za sukari na miligramu 10 za asidi ya boriki katika mililita 100 za maji safi. Maji ya betri yanafaa, lakini yawe yale ya kuongezea, siyo yale makali yenye asidi. Soma lebo mara mbili.

Ongeza na iodini ya kupimia wanga. Maabara yoyote ya shule inayo.

Hatua ya kwanza: chuma kwa mfuatano, usisubiri unga

Kalenda usiitegemee sana. Mwinuko, mvua na baridi ya mwaka husogeza msimu, na mti mmoja unaweza kuwa nyuma ya jirani yake. Tazama koni zenyewe. Mara tu unapoona vijipele vya kijani au vya kahawia chini ya chipukizi jipya, vikiwa bado vimefunikwa na magamba makavu, anza kuchuma. Koni tano kutoka mti uleule, kila baada ya siku mbili au tatu, hadi siku zinapoanza kufumka. Funga utepe kwenye tawi ili usihamie mti mwingine bila kujua.

Kabla ya kuhifadhi, chukua koni moja uikate katikati kwa urefu na uibinye kwa kucha. Majimaji yanayotoka ndiyo saa yako:

Yakiwa maangavu kama maji na koni ni ya kijani, uko kwenye seli mama au meiosisi yenyewe, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu.
Yakiwa mazito kidogo, meupe kama maji ya mchele, spora (chembe changa za chavua) zimeachana na ukuta unajengwa.
Yakiwa ya njano, seli za ndani zinagawanyika na umebakiza siku chache.
Ukibinya na usipate majimaji bali unga, umefika mwisho.

Kipindi cha meiosisi ndicho kifupi na ndicho kinachowakimbia wengi. Nikiwa na shaka huchuma kila siku kwa wiki nzima. Koni ni nyingi, mti hautaona upungufu.

Hatua ya pili: hifadhi

Pasua kila koni vipande viwili ili dawa iingie, tumbukiza kwenye mchanganyiko wa ethanoli na asidi papo hapo, pale chini ya mti. Seli zinazonyauka mfukoni hadi ufike shuleni hazisomeki. Ziache saa 24, kisha zihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uziweke kwenye friji. Zitakaa miezi. Andika tarehe kwa penseli kwenye kikaratasi na ukitumbukize ndani ya kichupa, kwa sababu wino wa nje hufutwa na ethanoli.

Hatua ya tatu: slaidi ya kuponda

Toa koni, iweke kwenye tone la maji, ichambue kwa sindano. Utaona mhimili wa katikati na magamba madogo yaliyopangwa kuuzunguka. Geuza gamba moja. Upande wake wa chini una vifuko viwili vilivyolala sambamba, kama maharage mawili kwenye ganda. Humo ndimo chavua inapozaliwa. Idadi hiyo ya viwili ni alama ya jamii ya misindano, kwa hiyo mwambie mwanafunzi aichore kabla ya kuendelea.

Hamisha kifuko kimoja kwenye slaidi safi yenye tone la asetokamini. Kitoboe, kisukume kilichomo kitoke nje, kisha ondoa ngozi yote na mabaki. Uvivu wa hatua hii ndio unaoharibu slaidi nyingi: kipande kimoja cha ngozi kikibaki, kifuniko hakilali na seli hazipondeki. Sasa koroga tone hilo kwa sindano yenye kutu kidogo. Nasema kweli, kutu. Chuma kinaifanya karmini ishike kromosomu kwa rangi nzito zaidi. Sindano mpya inayong'aa itakupa picha hafifu.

Subiri dakika tano. Weka kifuniko. Pitisha slaidi juu ya mwali wa taa mara tatu au nne, iwe ya moto lakini isichemke. Mara unapoona kiputo, umezidisha. Ikunje ndani ya karatasi, iweke mezani, ibonyeze kwa dole gumba wima bila kuiserereza.

Hatua ya nne: kusoma unachokiona

Anza na koni changa kuliko zote. Seli zitakuwa kubwa, za mviringo, zimesongamana, kila moja na kiini kikubwa. Hizi ni seli mama za spora. Kando yake utaona seli nyingine, ndefu kidogo, zenye rangi nzito: hilo ni tabaka la walishi linalozunguka ukuta wa ndani wa kifuko. Kazi yake ni kulisha spora na kuzipatia malighafi ya ukuta, na likishamaliza linayeyuka lote. Kwenye slaidi za wiki ya mwisho hulipati tena.

Slaidi za siku zinazofuata zitakuonyesha kromosomu. Kwanza nyuzi zilizovurugika kama sufu, halafu jozi 12 zilizofupika na kukaa katikati ya seli. Jozi hizo zikionekana wazi, waite wanafunzi mmoja mmoja wahesabu. Halafu kromosomu zinavutwa kwenda ncha mbili, seli inagawanyika tena, na unapata spora nne kutoka kwa mama mmoja. Usitarajie seli zote za slaidi moja ziwe hatua ileile. Ndani ya koni moja magamba hutanguliana, na hiyo ni bahati yako: koni moja iliyochumwa siku nzuri inaweza kukupa hatua tatu.

Hizi spora nne hukaa pamoja kwa muda, zimefungwa ndani ya ganda angavu la kalosi (aina ya kabohaidreti), kama punje za njugu ndani ya ganda lake. Ganda hilo halishiki karmini, kwa hiyo utaliona kama nafasi tupu inayong'aa kuzunguka kila spora. Waambie wanafunzi waitazame nafasi hiyo kwa makini. Ndani yake ukuta wa chavua tayari umeanza kuchorwa, na mahali ambapo vifuko vya hewa vya chembe yenyewe vitaota pameshaamuliwa.

Mwelekeo nao umeshaamuliwa. Upande wa spora unaotazama katikati ya kundi utakuwa mgongo mnene wa chembe. Upande unaotazama nje ndiko vifuko na mlango wa mrija vitakakokaa. Ukilielewa hili, umbo lote la chavua linasomeka, kwa sababu kila kitu kingine kinapangwa kufuata mhimili huo.

Ukuta na vifuko

Kalosi ikishayeyushwa, spora zinaachana na kuanza kuvimba. Chukua koni yenye majimaji meupe, na zamu hii tengeneza slaidi ya maji tu bila rangi.

Ukuta una tabaka mbili kuu. La nje linaitwa eksini, na limejengwa kwa sporopolenini, kitu kigumu kuliko karibu kila kitu ambacho mmea hutengeneza. Asidi nyingi hazikiwezi, bakteria hawakiwezi, na maelfu ya miaka kwenye tope hayakiozeshi. La ndani ni intini, laini, la selulosi na pektini, ndilo litakalonyooka na kuwa mrija.

Eksini yenyewe ina sehemu ya nje na ya ndani. Sehemu mbili hizi zinapoachana pande mbili za chembe, nafasi katikati yake inajaa hewa, na hapo unapata vifuko viwili. Havikupachikwa kutoka nje. Ni ukuta uleule uliopanda na kuacha uwazi chini yake. Ukiviangalia kwa ×40 na kuzungusha kirekebishi taratibu mbele na nyuma, utaona wavu mdogo juu yake. Hizo ni kuta za vijumba vya ndani, mfano wa sega la nyuki, vinavyokizuia kifuko kisisinyae.

Chembe iliyokomaa ikilala ubavu inafanana na mtu aliyebeba mzega: mwili katikati, mizigo miwili huku na huku. Mgongo juu umefunikwa na eksini nene. Chini, katikati ya vifuko viwili, eksini ni nyembamba mno. Huo ndio mlango. Chembe inapokauka safarini, vifuko husogeleana na kuufunika mlango huo, na maji hayapotei ovyo.

Ndani ya maji vifuko vitaonekana vyeusi kabisa mwanzoni. Si uchafu, ni hewa iliyonaswa. Anza na tone la ethanoli, kisha ongeza maji pembeni ya kifuniko, na utaona weusi ukitoka na wavu ukijitokeza.

Kupima saizi: tazama namba ya uwanja kwenye lenzi ya jicho. Kama ni 18, igawe kwa 40. Uwanja wako kwenye lenzi ya ×40 una kipenyo cha milimita 0.45, yaani mikromita 450. Zikitosha chembe sita au saba kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina mikromita 65 hadi 75. Chavua ya misindano mingi huwa kati ya 50 na 100 pamoja na vifuko.

Seli nne

Hapa ndipo jina la "mbegu za kiume" linapovunjika mbele ya macho ya mwanafunzi. Tumia koni zenye majimaji ya njano, na asetokamini tena. Eksini sasa inazuia rangi kuingia, kwa hiyo acha slaidi dakika 20, ipashe moto zaidi, na ubonyeze kwa nguvu hadi baadhi ya chembe zipasuke.

Spora yenye kiini kimoja inagawanyika mara ya kwanza na kukata seli ndogo sana upande wa mgongo. Inagawanyika mara ya pili na kukata nyingine, mahali palepale. Hizi ni seli za prothali. Hazifanyi kazi yoyote inayoonekana: zinakufa na kubanwa kati ya intini na eksini, na kwenye chembe iliyokomaa zinabaki kama mistari miwili myembamba myeusi chini ya mgongo. Ni masalia ya mwili wa mmea wa kiume uliokuwa mkubwa zaidi kwa mababu wa mimea hii, kama ule mmea mdogo wa kijani unaotangulia kangaga. Mwaka 1851 Wilhelm Hofmeister wa Ujerumani alionyesha kwamba mzunguko wa maisha wa kangaga na ule wa misindano una muundo mmoja, na mistari hiyo miwili ni sehemu ya ushahidi unaoweza kuuona mwenyewe kwa hadubini ya shule.

Mgawanyiko wa tatu unatoa seli mbili zilizo hai: seli zalishi, ndogo, inayokaa karibu na mgongo, na seli ya mrija, kubwa, inayojaza nafasi iliyobaki na kubeba wanga. Weka tone la iodini kwenye slaidi nyingine uone wanga huo ukigeuka mweusi. Chembe zisizogeuka kabisa, zilizosinyaa, aghalabu ni tasa.

Katika hali hiyo ya seli nne, mbili zimekufa na mbili ziko hai, koni inarefuka, magamba yanaachana, kila kifuko cha chavua kwenye gamba kinapasuka kwa mstari mmoja, na upepo unachukua.

Kuotesha

Kusanya chavua kwa kukata vitawi vyenye koni za njano ambazo hazijafumka, uviweke ndani ya bahasha kubwa ya kaki mahali pakavu kwa siku moja au mbili. Tikisa, kisha pitisha unga kwenye kitambaa cha soksi ya nailoni. Mwenye pumu asifanye kazi hii bila barakoa. Usitumie mfuko wa plastiki. Jasho la koni litaleta ukungu usiku mmoja.

Nyunyiza unga kidogo kwenye tone la maji ya sukari na boriki, weka slaidi ndani ya sahani iliyofunikwa yenye pamba iliyoloa, na iache mahali penye joto la kama nyuzi 25. Msindano hauna haraka. Chavua ya mimea mingi ya maua hutoa mrija ndani ya saa chache, lakini hii itakuchukua siku moja hadi tatu. Mrija utatokea kati ya vifuko viwili, pale pale ulipoambiwa kuna mlango. Hesabu chembe 100 au zaidi katika sehemu tofauti za slaidi, na uihesabu kuwa imeota ile tu ambayo mrija wake umefikia au kuzidi kipenyo cha chembe.

Ukitaka kuitunza chavua, ikaushe kwa vile vipakiti vya silika vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu, izibe kwenye kichupa, iweke kwenye friza. Ikiwa kavu kweli, mwaka mmoja si kitu kwake. Ni chembe imara. Utafiti kwenye pwani ya North Carolina, Marekani, ulikuta chavua ya Pinus taeda ikiota hata baada ya kupeperushwa kilomita 41 kutoka mtini.

Kinachoendelea ndani ya koni jike

Sehemu hii huwezi kuiona yote kwa slaidi ya kuponda, lakini bila kuijua hutaelewa kwa nini chavua imeumbwa hivyo.

Koni jike changa hufungua magamba yake kwa siku chache. Juu ya kila gamba kuna ovuli mbili (zitakazokuja kuwa mbegu) zilizogeuka kichwa chini, na kila moja hutoa tone la majimaji mlangoni mwake. Ukiamka mapema ukachuma koni jike ndogo nyekundu na kuitazama kwa lenzi ya mkono, unaweza kuyakuta matone hayo yaking'aa. Chavua inapotua kwenye tone, inaelea. Na kwa kuwa ovuli imetazama chini, kuelea ni kupanda, na kupanda ni kuingia ndani. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiishie kuandika kwamba vifuko vinasaidia kuruka. Ni kweli vinapunguza kasi ya kuanguka hewani, lakini ndani ya tone vinakuwa boya linaloipeleka chembe mlangoni, mgongo ukiwa chini na mlango wa mrija ukiitazama ovuli.

Kisha tone linafyonzwa, magamba yanafunga, na subira inaanza. Wakati huo upande wa kike hauna hata yai. Mrija unaingia kwenye tishu ya ovuli polepole, ukijilisha humo, na kusimama kwa miezi. Seli zalishi inagawanyika kuwa seli ya kikonyo, ambayo ni tasa, na seli ya mwili. Seli ya mwili ndiyo hatimaye inayotoa viini viwili vya kiume. Sasa, karibu mwaka mmoja baada ya unga kuruka, ndipo unaweza kusema mbegu za kiume zipo. Hazina mikia, haziogelei. Mrija unazifikisha hadi kwenye yai. Na zinakuja na mzigo: katika misindano, kloroplasti za mche mpya zinatoka kwa baba, kinyume na mimea mingi ya maua ambako zinatoka kwa mama.

Miti ya kulinganisha

Ukiwa na muda, chukua mingine mitatu.

Saipresi ya uzio, Cupressus lusitanica. Chembe zake ni ndogo, za mviringo, hazina vifuko na hazina seli za prothali. Ziweke zikiwa kavu kwenye slaidi, tazama kwenye lenzi, kisha mwambie mwenzako adondoshe maji pembeni. Intini inavimba, eksini inapasuka na kuvulika kama shati. Ni jambo la dakika chache tu, na sijaona darasa lililotazama hili likanyamaza.

Podo la milimani. Chavua yake ina vifuko viwili kama msindano, lakini miti dume na jike ni tofauti, kwa hiyo unaweza kuzunguka msitu mzima ukakosa koni dume kwa kuwa umesimama chini ya majike.

Na mtapo wa pwani, mmea wa koni unaofanana na mnazi mfupi. Chavua yake ni kama mtumbwi mdogo, haina vifuko. Katika jamii yake mbegu za kiume bado zinaogelea, zikiwa na maelfu ya vijimkia. Ziligunduliwa Japani mwaka 1896: Sakugoro Hirase aliziona kwenye ginkgo, mti wa jamii nyingine, na Seiichiro Ikeno kwenye Cycas revoluta, mtapo uleule wa Asia unaopandwa siku hizi kwenye bustani za mahoteli.

Zoezi la mwisho ni la tope. Chota tope la juu kutoka bwawa lililo karibu na shamba la misindano, lisuuze kwenye kitambaa chembamba, weka tone kwenye slaidi. Utakuta mizega midogo imejaa, mwili umeshaoza, eksini imebaki nzima na wavu wake. Wanasayansi wanaochimba tope la maziwa ya milimani Afrika Mashariki hufanya vivyo hivyo, wakishuka mita kwa mita. Chavua ya podo wanaipata hadi chini sana, kwenye tabaka za maelfu ya miaka. Ya msindano wanaipata juu tu, kwa sababu hakuna msindano wa asili kusini mwa Sahara, na mahali inapoanza kuonekana kwenye tope ndipo mashamba ya miti ya karne ya 20 yalipoanza.